Ukivuka Utepe

Mume wangu ni kinyozi, na mimi mdomo wangu una kasoro. Nayataja haya mawili mapema kwa sababu ndiyo yaliyonipandisha ngazi za darasa la maigizo, mimi mwenye magoti yanayolia kama bawaba kavu.

Kasoro yenyewe ni hii: nikisema uongo, pembe ya kushoto ya mdomo wangu inapanda juu. Inapanda yenyewe, hainiombi ruhusa. Nikiwa shule ya msingi nilichapwa sana kwa ajili ya pembe hiyo, mpaka mwalimu mmoja akawaambia wenzake, "Huyu msimuulize nani kavunja dirisha. Mtazameni tu." Mtu mwenye mdomo wa namna hiyo ana njia mbili maishani, awe mtakatifu au awe mcheshi. Utakatifu niliuona una kazi nyingi.

Sasa mwoze mtu kama huyo kwa kinyozi. Kazi ya kinyozi si nywele, msidanganyike. Nywele hata mbuzi akiachiwa anazipunguza. Kazi ya kinyozi ni uso. Anasimama nyuma yako, anakutazama kwenye kioo, wewe unasema "safi sana, nimependa," naye anajua kama umependa kweli au unataka tu kukimbia nyumbani ukavae kofia. Mume wangu amefanya kazi hiyo maisha yake yote katika chumba cha mbele cha nyumba yetu. Viti viwili, kioo kimoja kirefu kilichoshika ukuta mzima. Ndani ya kioo kile ameniona nikiwa bibi harusi, nikiwa na mimba, nikiwa na meno yote na nikiwa na haya yaliyobaki. Hakuna uso anaoujua kuliko huu.

Kiti cha pili kilikuwa cha mwanetu, kifungua mimba wetu. Siku aliposhika mkasi, baba yake aliacha kumwita mwanangu, akamwita Mwenzangu. "Mwenzangu, nipokee huyu." "Mwenzangu, maji ya moto yako wapi?" Jina likamganda, na sisi wengine tukamwita hivyo hivyo. Mwenzangu aliugua mapafu. Alilazwa hospitali, na jioni moja baba yake alikwenda na kibegi chake cha kazi akamnyoa ndevu pale pale kitandani, taratibu, bila mkono kutetemeka. Kulipokucha hatukuwa naye tena.

Baada ya mazishi akili ya mzee ikaanza kuvuja. Ilivuja kama ndoo yenye tundu dogo; unaona sakafu imelowa, huoni maji yanatokea wapi. Kwanza alisahau bei. Halafu akasahau nyuso za wateja, kisha akasahau kwamba duka limefungwa. Nyembe na mikasi tukaificha. Lakini kila asubuhi anaamka, ananawa, anavaa koti lake jeupe, anakwenda kukaa chumba cha mbele akitazamana na kioo. Akiniona nimetokea mlangoni anauliza:

"Mama watoto, Mwenzangu kachelewa leo. Yuko wapi?"

Mwanzoni nilimwambia kweli. Nilisimama pale kwenye kizingiti, ufagio mkononi, nikasema, "Baba watoto, Mwenzangu alifariki."

"Lini?"

Nikamwambia lini.

"Mbona mimi sikuambiwa?"

Akalia, mzee mzima, mpaka koti likalowa kifuani. Ikifika mchana kilio ameshakisahau, amebaki na macho mekundu asiyojua yametoka wapi. Kesho yake, kabla chai haijachemka: "Mama watoto, Mwenzangu kachelewa leo." Watu wengine humzika mtoto mara moja. Mume wangu alikuwa anamzika kila asubuhi, na anayempa jembe ni mimi.

Nikaona basi, bora uongo. Siku moja nilimpa mgongo nikijifanya nafuta rafu, nikasema, "Amesafiri." Nilisahau kioo. Aliuona mdomo wangu kabla sijamaliza neno.

"Geuka," akasema.

Nikageuka.

"Unanificha nini?"

"Sikufichi kitu."

"Mdomo huo, mama watoto! Kijana ana kesi? Amefungwa? Amekufa?" Alinyanyuka kitini akishika mikono ya kiti, amekauka kwa hofu. Nikashindwa, nikamwambia. Siku hiyo alilia zaidi, maana kabla ya msiba alikuwa ameonja hofu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu haikufika hata mlangoni.

Tuna binti, kitinda mimba wetu, anauza dawa katika duka la dawa na kila jioni anapita kumwona baba yake. Yeye alikuwa upande wa ukweli.

"Mama, mwambie tu ilivyo. Msema kweli mpenzi wa Mungu."

"Basi huyo Mungu aje akae naye asubuhi."

"Mama!"

"Nimesema tu."

Akaweka mkoba wake mezani. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningeijibu. "Mwenzangu alikuwa kaka yangu," akasema. "Mkianza kusema amesafiri, ni kama hakufa. Na kama hakufa, mimi nilimlilia nani?"

Nikachukua kitambaa, nikafuta meza iliyokuwa safi. Mimi kukosa jibu ni jambo la kuandikwa ukutani.

Sasa, ng'ambo ya barabara yetu kuna duka la magodoro, na juu ya duka kuna chumba kikubwa ambako watu walikuwa wanapiga mayowe mara kwa mara. Mwaka mzima nilidhani ni ukoo usioelewana. Siku niliyokwenda kuuliza bei ya godoro, kwa ajili ya kuuliza tu, kulitokea kilio juu ya vichwa vyetu mpaka taa ikacheza.

"Hao hawapatani kabisa," nikamwambia muuza magodoro.

"Hapana, bibi, hao ni waigizaji. Wanajifunza kulia."

"Kulia nako kunafundishwa?"

"Na kucheka pia. Na kudanganya mtu mpaka aamini. Hapo mlangoni wameandika, njoo utazame bure kabla ya kuomba nafasi."

Godoro nikaliacha. Nikashika ukuta, nikapanda ngazi.

Chumba kilikuwa kitupu, sakafu ya mbao, pazia jeusi upande mmoja. Viatu vyote vimepangwa mlangoni, na harufu yake ilikuwa inajua kuigiza kuliko wenyewe. Mwalimu alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, kichwa amekinyoa vizuri. Mimi mke wa kinyozi hilo ndilo nililoliona kwanza: aliyemnyoa hakuwa na haraka.

"Shikamoo, bibi. Umekuja kumfuata mjukuu?"

"Marahaba. Nimekuja kutazama."

Kuna aliyecheka. Mwalimu hakucheka. Alinionyesha viti vya nyuma, penye mtu mmoja tu, karani wa benki aliyevaa tai, anayetafuta nafasi kama mimi. Kisha akanionyesha utepe mweupe uliobandikwa sakafuni, kutoka ukuta huu hadi ule.

"Upande huu ni dunia," akasema. "Upande ule ni mchezo. Mtazamaji haongei, hali, hapigi makofi. Na mtu yeyote akivuka utepe, ameingia mchezoni, hatoki mpaka mchezo uishe. Hata fundi wa taa aliwahi kuvuka, tukamwoza."

"Na mkewe alikubali?" nikauliza.

"Mtazamaji haongei, bibi."

Nikafunga mdomo, na karanga nilizokuwa nazo kwenye mkoba nikaziacha zilale.

Aliyekuwa anaigiza alikuwa msichana wanayemwita Njiwa, kwa sauti yake. Walimwekea benchi, wakasema hapo ni nje ya wodi, na kaka yake yuko ndani. Nilitegemea mayowe yale ya kutikisa taa. Hakupiga yowe. Alikuwa na shati la kiume mapajani. Akalikunja vizuri, kola juu, mikono ndani. Akatazama mlango ambao haukuwepo. Akalikunjua. Akalikunja tena.

Sijui niseme nini. Mimi nililikunja shati la namna hiyo kwenye benchi la namna hiyo. Nilijua kabisa kwamba huu ni mchezo, nilijua chini kunauzwa magodoro, ila miguu yangu haikuarifiwa. Nilipozinduka nilikuwa nimesimama mbele ya yule binti, leso mkononi, na utepe uko nyuma yangu.

Nikasikia karani akivuta pumzi. Nikamtazama Mwalimu. Alikuwa amekunja mikono. Sheria ni sheria.

Njiwa akainua macho. "Umetoka ndani?"

"Hapana, mwanangu."

"Wamekwambia chochote?"

"Hawajaniambia kitu. Hawa huwa hawasemi. Shika leso."

"Sitaki leso. Namtaka yeye."

"Najua," nikasema.

Magoti yalikuwa yamechoka kusimama, nikakaa naye kwenye benchi. Shati lilikuwa limekunjuka. Nikashika mkono mmoja wa shati, yeye akashika mwingine, tukalikunja pamoja. Halafu tukatazama mlango. Tukautazama mpaka Mwalimu akapiga kofi moja na darasa zima likaanza kupumua.

"Bibi," akasema, "kwa nini ulivuka?"

"Kichwa kilijua ni mchezo. Miguu ndiyo haikujua."

Walicheka, lakini kicheko cha heshima. Wanafunzi walipokuwa wanavaa viatu nikamweleza Mwalimu shida yangu yote. Kinyozi, kioo, Mwenzangu, mdomo. "Nataka unifundishe kudanganya na uso utulie," nikamwambia. "Mara moja tu kila asubuhi. Sitaitumia kwingine."

Alinitazama sana. "Hapa kila mmoja anatazama kwanza, kisha anafanya usaili. Nafasi imebaki moja, wewe na karani mnaitaka. Njoo utazame tena wiki hii, na Jumamosi uniletee kipande chako kifupi."

"Kipande cha nini?"

"Cha hicho unachotaka kujifunza."

Wiki hiyo nilitazama mpaka wanafunzi wakanizoea kama kiti. Karani aliniuliza kwa kunong'ona kwa nini nataka uigizaji katika umri huu. Nikamwambia nataka kuolewa na mtu maarufu. Aliamini, masikini, maana tulikuwa tumekaa gizani na hakuuona mdomo wangu.

Nyumbani nikawa nafanya mazoezi jikoni. Nilishika kioo kidogo mkono mmoja na mwiko mkono mwingine. "Amesafiri. Atarudi mwisho wa mwezi." Pembe juu. "Amesafiri." Juu. Nikajaribu kuuma shavu kwa ndani, nikajiuma kweli. Nikafunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini kama mwenye jino bovu, nikaenda chumba cha mbele kujaribu.

"Jino?" mzee akaniuliza kwenye kioo, kwa huruma.

"Jino."

Akatazama. "Mbona kitambaa kinatembea?"

Binti yetu alinikuta asubuhi moja nikizungumza mbele ya jiko.

"Mama, unaongea na nani?"

"Na sufuria. Humu ndani ndiyo pekee inayoniamini."

Akasikiliza maneno niliyokuwa nayarudia, akaelewa. Alikaa kwenye kigoda. "Kwa hiyo umekwenda kusomea kumfuta kaka."

"Nimekwenda kusomea kumpumzisha baba yako."

"Kwa kumfuta kaka."

Akaondoka bila kunywa chai. Chai yake ilikaa pale mpaka ikafanya utando.

Jumamosi karani alianza. Aliigiza mtu anayemwomba baba yake radhi, na nitasema kweli, alinishangaza. Tai ile ilikuwa imeficha mengi. Kisha ikawa zamu yangu. Mwalimu alimchagua kijana mmoja mrefu wanayemwita Mnara, akamkalisha kwenye kiti, naye kijana akatazama mbele kama penye kioo. Walikuwa wamemvalisha shati jeupe. Mimi nikavuka utepe.

"Mama watoto," Mnara akasema, na sauti akaizeesha vizuri mno, "Mwenzangu kachelewa leo. Yuko wapi?"

"Amesafiri."

Mdomo ukatulia! Niliusikia umetulia, kama mtoto aliyelala mgongoni. Nikapata moyo.

"Amekwenda wapi?"

"Amekwenda kununua mashine mpya ya kunyolea."

"Atarudi lini?"

Hilo la kurudi nililifanyia mazoezi kuliko yote. Mwisho wa mwezi, maneno yenyewe ndiyo hayo. Nikafungua mdomo, na kabla neno halijatoka nikamwona Mwenzangu akishuka garini na mashine yake mpya ndani ya boksi, akiingia kwa mlango wa mbele, akifuta miguu. Pembe ya kushoto ikapanda. Ikapanda kuliko siku zote.

"Mama watoto," akasema Mnara, na hapo nadhani alikuwa anauliza kwa nafsi yake mwenyewe, "mbona unacheka?"

Darasa likacheka. Halafu wakanyamaza mmoja mmoja, maana waliona macho yangu. Juu kulikuwa kunanyesha, chini kunawaka jua. Mnara alitoka kwenye kiti akanishika mkono, akavunja sheria ya mchezo, na Mwalimu hakumkaripia.

Mwalimu aliwatuma wote wakanywe maji. Tukabaki wawili. Mimi kwenye kiti cha kinyozi, yeye sakafuni, miguu ameikunja.

"Nafasi nimempa karani," akasema.

"Najua. Anadanganya vizuri. Mtu wa benki."

Alitaka kujizuia, akashindwa, akacheka kidogo. Kisha akafuta uso kwa kiganja. "Bibi, umeshindwa kwa sababu umekuja kutafuta kitu ambacho hatuna. Hapa hatufundishi kudanganya. Mtu akidanganya mchezoni, hata watoto wanaona."

"Sasa yule Njiwa hana kaka hospitali. Ule haukuwa uongo?"

"Alikaa mahali ambapo angekaa kama angekuwa naye. Na wewe ulimfuata pale alipokaa. Alikuuliza wamekwambia nini. Ungeweza kumwambia kaka yake mzima. Ungeweza kumwambia, msichana, hakuna kaka wala wodi, chini kunauzwa magodoro. Hukusema hata moja. Mdomo wako ulipanda?"

Nikafikiri. "Sikumbuki."

"Mimi nilikuwa nauona. Haukupanda."  "Mzee wako kila asubuhi yuko mchezoni peke yake. Wewe unasimama nje ya utepe. Siku moja unampigia kelele kwamba mchezo umekwisha, siku ya pili unamrushia uongo kutoka huko huko. Hujavuka hata mara moja, bibi."

Hilo likanichoma. "Mwanangu," nikamwambia, "ule si mchezo. Yule ni mume wangu."

"Najua, bibi. Nimetumia neno nililonalo."

Nilishuka ngazi nikiwa nimenuna. Muuza magodoro akaniuliza kama wamenichukua. Nikamwambia wamesema nina kipaji kikubwa mno, nitawaharibia darasa. Alitazama mdomo wangu, akaanza kupanga mito.

Asubuhi iliyofuata nilimsikia mzee akinawa. Nikasikia koti likivaliwa, kiti kikilia. Nikaenda mpaka kwenye kizingiti, ufagio mkononi kama kawaida yangu, na pale ndipo nilipojiona. Kila siku nilikuwa nasimama pale pale. Kweli nilizisemea pale, uongo niliusemea pale, na yeye yuko kule ndani na viti vyake viwili.

Nikaegemeza ufagio ukutani. Nikavua ndala. Sijui kwa nini nilivua ndala, labda kwa mazoea ya kule juu. Nikaingia, nikapita mbele yake, nikakaa kwenye kiti cha pili. Tangu msiba hakuna aliyekikalia. Ngozi yake ilikuwa baridi, na penye mkono wa kulia palikuwa pamechubuka, mahali alipokuwa akigongea chanuo kutoa nywele.

Mzee alinitazama kwenye kioo. "Mama watoto, Mwenzangu kachelewa leo. Yuko wapi?"

"Hajafika," nikasema.

Mdomo wangu nao nikautazama kwenye kioo. Ulikuwa umetulia. Kwa nini usitulie? Hajafika.

"Si kawaida yake," akasema.

"Si kawaida yake hata kidogo. Yeye ndiye alikuwa anafungua madirisha."

"Anafungua madirisha, anachemsha maji." Mzee akatikisa kichwa. "Halafu anaimba. Mtoto hajui kuimba yule."

"Amechukua kwako."

"Kwako!" akasema, na nikaona uso wake umelegea. Tukakaa. Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni. Nikamuuliza, "Akifika, utamwambia nini?"

 Vidole vyake vilikuwa vinafungua na kufunga mkasi ambao haukuwepo.

"Nitamwambia mkono wake ni mwepesi kuliko wangu," akasema. "Wateja wote wanajua. Mimi nilijua kabla yao. Sikumwambia, nilisema atavimba kichwa."

Wakati huo binti yetu aliingia kwa mlango wa nyuma na dawa za baba yake. Siku hiyo hakuwa na zamu. Alisikia jina la kaka yake, akaja mpaka kwenye kizingiti na mdomo ameshaufungua, na mimi nilijua ameufungulia nini. Nikamtazama kwenye kioo. Sikumkonyeza, sikumzuia. Nilimtazama tu.

Baba yake akamwona. "Binti yangu, umemwona kaka yako?"

Alisimama pale akiwa ameshika ile pakiti ya dawa. Alitazama kile kiti nilichokalia. Alitazama miguu yangu mitupu. Kisha akavuka kizingiti, akaja akapiga magoti kati ya viti viwili, akaweka kichwa kwenye mapaja ya baba yake.

"Sijamwona, baba," akasema. "Na mimi namtaka."

"Najua," mzee akasema, akimpapasa kichwa kwa vidole vya kazi, akipima nywele bila kujua anapima. "Najua, mama. Sote tunamtaka." Na akalia. Akalia kidogo, na binti yake akalia naye. Hakuuliza lini. Hakuuliza kwa nini hakuambiwa. Hakikuwa kile kilio cha mtu aliyepigwa ghafla. Kilikuwa cha mtu anayemngoja mpendwa na kumngoja kumekuwa kurefu. Kilipokwisha alipenga kamasi, akaniangalia kwenye kioo.

"Mama watoto. Ukimwona kabla yangu, umwambie lile neno. La mkono."

Nikayapima maneno yake. Mimi ni mkubwa kwake kidogo, jambo ambalo tangu ujana tumewaficha wakwe, na moyo wangu una siku zake za kuruka hatua.

"Nikimwona kabla yako," nikasema, "nitamwambia."

Aliutazama mdomo wangu kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akiwatazama wateja wagumu. Ulikaa mahali pake. Akaridhika.

Sitaki mdhani kwamba sasa kila asubuhi iko hivyo. Zipo siku anaamka na hofu tu, na hakuna kiti kinachosaidia. Zipo siku binti anakuja amechoka, hana nguvu ya kuvuka, anakaa jikoni na mimi simwiti. Lakini jembe nimeliweka chini.

Siku ile ya kwanza, mzee alisimama, akavuta shuka la kunyolea lililokuwa likining'inia msumarini, akalikung'uta, akanifunga shingoni. Akatandaza kiganja pembeni, kama fundi anayesubiri kupewa kifaa. Binti yetu akanitazama. Mkasi tulikuwa tumeufungia kabatini, na ufunguo anao yeye. Aliondoka, akakaa huko kwa muda, akarudi nao. Akauweka kwenye kile kiganja.

Mkono haukutetemeka. Alinipunguza nywele polepole, akiinamisha kichwa changu huku na huku, akipuliza shingoni. Akasahau alikoanzia, akaanza tena upande ule ule. Akasahau tena. Mimi na binti tukamwacha. Mvi zikaanguka sakafuni kuzunguka miguu ya kiti cha Mwenzangu.

Alipomaliza alisimama nyuma yangu, akanitazama kwenye kioo. Upande wa kulia ulikuwa umebaki kama nilivyokuja. Kushoto nilifanana na kuku aliyeponyoka sokoni.

"Vipi, umependa?"

"Safi sana," nikasema. "Nimependa."

Pembe ya kushoto ikapanda. Mzee akaiona. Na kwa mara ya kwanza tangu tumzike mtoto wetu, mume wangu akacheka mpaka akashika mgongo wa kiti.

"Mwongo wewe," akasema. "Kavae kofia."